Sahani Iko Kazini

Ottilia Ndunguru alikuwa na sahani moja ambayo hakuwahi kuilia. Ilikuwa sahani ya bati, nyeupe, yenye maua ya bluu ukingoni na doa jeusi pale ilipogonga sakafu mwaka aliozaliwa mwanawe Dastan. Sahani hiyo haikuwa na makazi ya kudumu. Sikukuu ya Ottilia ilipofika ilitoka na wali na paja la kuku, ikavuka ua na kulala kwa jirani yake Bi Somoe. Sikukuu ya Bi Somoe ilipofika ilirudi na pilau, na visheti vimepangwa pembeni. Na kwa kuwa miezi ya Kiislamu ina miguu, haikai mahali pamoja kama Krismasi, mwaka mmoja sahani ililala huku muda mrefu, mwaka mwingine kule.

Walikwenda hivyo miaka kumi na miwili, katika mtaa ulio nyuma ya stendi ya Mbinga. Sheria zao zilikuwa tatu na hakuna aliyekaa kitako kuzitunga. Sahani hairudi tupu. Sahani hairudi siku isiyo sikukuu. Na sahani haidaiwi, kwa sababu mwenye kudai sahani anasema urafiki umekwisha, kila mtu achukue chake.

Bi Somoe alitoka Tunduru, akamfuata mumewe, fundi Athumani wa cherehani, wakati Waislamu wa mtaa ule walihesabika kwa vidole na kidole kikabaki. Ndiye aliyemfundisha Ottilia kwamba iliki hutwangwa na maganda yake. Ottilia naye ndiye aliyemfundisha kula kisamvu cha Kimatengo bila kukunja uso. Bi Somoe alimzidi miaka kama mitano, kwa hiyo alimwita Ottilia mdogo wangu, na Ottilia alimwita dada. Kila Idi, pilau likishaiva, sahani ya kwanza kutoka nyumba ya fundi ilikuwa ile ya maua. Ilitangulia hata masheikh. Ottilia hakuwa na mambo mengi ya kujivunia duniani, lakini hilo alikuwa nalo.

Zamani alikuwa na mengine. Alizaliwa Mpepai, kwenye mlima ambao mtoto akiangusha kiazi anakikuta kwa jirani wa chini, akasoma mpaka la saba, akaolewa na Mansuetus, mpima kahawa wa chama cha ushirika. Siku hizo mke wa mpima kahawa alisalimiwa mara mbili, mara ya kwanza kwa heshima na mara ya pili kwa matumaini. Kisha likaja soko huria. Wakaja wanunuzi binafsi na mizani yao nyuma ya pikapu, wakalipa hapo hapo, mkulima akasahau njia ya ghala. Ghala likabaki na popo, na Mansuetus akabaki na funguo zake. Ottilia akafunga kibwebwe, akaanza kukaanga vitumbua na kuviuza stendi. Hakulia. Ila tangu hapo aliizoea tabia ya kutazama vya watu kwa jicho la pembeni.

Na Mungu hakumnyima cha kutazama. Mmoja wa wanunuzi wale, Wendelin, alijenga ng'ambo ya barabara nyumba ya bati jekundu, akamleta mkewe Asteria kutoka Kigonsera. Asteria alikuwa na kidato cha nne, kiuno cha nyigu na kabati la vioo. Alipokutana na Ottilia alipiga goti kidogo na kusema shikamoo, na Ottilia akaitikia marahaba huku moyoni akijiuliza huyu ananihesabia miaka mingapi. Ubaya hakuwa nao. Hilo ndilo lililomuudhi Ottilia kuliko yote, maana angekuwa na ubaya ingekuwa rahisi.

Krismasi iliyopita Asteria alimpelekea Bi Somoe keki kutoka Songea ndani ya boksi la rangi ya waridi, lenye utepe. Ottilia alipeleka sahani yake ya maua kama kawaida, wali na kuku. Mwaka mpya alipokwenda kusalimia, akaona mambo. Boksi la Asteria lilikuwa limekaa juu kabisa ya kabati la vyombo, utepe wake umefungwa upya, kama picha ya bwana harusi. Sahani ya maua ilikuwa rafu ya chini, nyuma ya vikombe, ukingo tu unachungulia. Ottilia alikunywa chai yake yote bila kuonja sukari. Alipofika nyumbani alimwambia Mansuetus kwamba watu wamebadilika, siku hizi rafiki ni boksi. Mansuetus akauliza boksi gani. Akaambiwa alale.

Mfungo wa Ramadhani ulipoingia alikuwa ameshaamua. Idi hii naye atapeleka boksi. Siyo boksi tu, boksi ambalo likiwekwa juu ya kabati, lile la waridi litafute pa kwenda.

Maboksi ya Idi yaliuzwa na Hyasinti, mwenye duka pembeni ya soko. Zamani duka lake lilikuwa na chumvi, viberiti na sabuni ya mche, tena kwa foleni. Sasa hata kupita ndani ilikuwa shida, kwa vitu kutoka Dar es Salaam na kwingine ambako hata yeye hakukujua. Hyasinti alikuwa Mkatoliki wa kupokea komunyo kila Jumapili, lakini aliijua Ramadhani kuliko baadhi ya wanaofunga, kwa kuwa iliingia dukani kwake na kutoka na vitu.

Ottilia aliingia siku ya Jumamosi akitokea stendi, ndoo ya vitumbua mkononi. Alisema anatafuta kitu kidogo cha kumpelekea jirani. Hyasinti akaleta boksi la kwanza, jekundu, lenye picha ya msikiti na nyota. Ottilia akalitikisa sikioni. Likalia kama njuga. Zilikuwa pipi ngumu, zile zile za kwenye chupa ya kaunta, ila zimevalishwa. Akalirudisha, akasema Bi Somoe ana meno manane ya kutafunia na hana sababu ya kumpunguzia.

La pili lilikuwa kopo la bati la biskuti, lenye farasi weupe wanavuta gari la malkia. Zuri, na kopo lake lingefaa kuhifadhia unga miaka. Ottilia aliliinua, akaligeuza, akasoma maandishi ya chini kwa herufi moja moja. Akauliza haya mafuta yaliyomo ni ya nini. Hyasinti akasema ni mafuta tu. Ottilia akasema kuna mafuta na mafuta, na yeye hawezi kumpelekea mtu wa Idi biskuti ambazo huenda nguruwe amepita jikoni zikipikwa. Miaka kumi na miwili ya kula kwa Bi Somoe ilikuwa imemfundisha hilo. Hyasinti akalirudisha kopo kwenye rafu, akaliweka upande wa wateja wa Pasaka.

Hapo ndipo akainama chini ya kaunta, taratibu, kama mtu anayetoa siri.

Boksi la tatu lilikuwa la dhahabu. Upana wake ulikuwa wa sinia, na juu lilikuwa na dirisha la nailoni ambamo zilionekana tende zimelala safu safu, kila moja na lozi tumboni, na katikati vipande vya halua vimekatwa kama vigae. Lilinukia waridi hata kabla ya kufunguliwa. Ottilia aliweka ndoo chini.

"Haya yalikuja mawili tu," Hyasinti alisema. "Lingine limeondoka asubuhi. Yule jirani yako wa bati jekundu."

Alilisema huku akifuta vumbi lisilokuwepo, na macho yake yakiwa kwenye uso wa Ottilia. Mwanamume yule alikuwa amesoma shule moja na Ottilia, lakini biashara alisomea pengine.

Ottilia aliuliza kama lile la Asteria lilikuwa kubwa kama hili. Hyasinti akasema ni mapacha, ila hili, ukilitazama vizuri, utepe wake ni mpana zaidi. Ottilia akalitazama. Ulikuwa mpana, au alitaka uwe. Akauliza kama Asteria ameshapeleka. Hyasinti akasema atapeleka Idi yenyewe, Jumanne, mwezi ukionekana Jumatatu, na utaonekana, tarehe zote zinasema hivyo. Basi Ottilia akarudi nyumbani, akamshika jogoo aliyekuwa akimtunza kwa ajili ya Pasaka, akarudi naye sokoni amemfunga miguu. Jogoo alipiga kelele njia nzima. Mama Notburga, ambaye nyumba yake ilitazamana na kila kitu, alimuuliza kama Pasaka imesogezwa mbele. Ottilia alisema ndiyo, kwa wengine.

Boksi lililala siku tatu kwenye kitanda chake, upande wa Mansuetus. Mansuetus alilala pembeni ya ukuta.

Jumapili padri alitangaza kwamba Jumatano ni Jumatano ya Majivu, mwanzo wa Kwaresima, watu wazima mlo mmoja na nyama hapana. Ottilia alisikia, lakini alisikia kama mtu anavyosikia mvua ya kijiji kingine. Kichwa chake kilikuwa Jumanne. Jumatatu jioni wingu lilifunga Mbinga nzima, kuanzia kilima cha misheni mpaka njia ya ziwani, usione mwezi wala mlingoti. Redio ya nyumbani ilikuwa kimya. Betri zake zilikuwa zimeanikwa juu ya bati tangu Ijumaa zipate nguvu, na jua lenyewe halijatoka. Ottilia hakujali. Alikuwa amehesabu siku ishirini na tisa kwenye kalenda ya kanisa, na kalenda ya kanisa haijawahi kumdanganya.

Jumanne asubuhi alivaa kitenge chake cha harusi za watu, akalifunika boksi kwa khanga, akatoka mapema ili amtangulie Asteria. Alitembea katikati ya barabara, siyo pembeni, maana kitu cha namna ile hakipitishwi kichochoroni.

Barazani kwa fundi Athumani kulikuwa na watu. Hilo lingemwambia kitu, kama angekuwa na nafasi ya kuambiwa. Walikuwa wanawake saba au wanane wanasubiri nguo za watoto zimaliziwe, na cherehani lilikuwa linakwenda mbio. Bi Somoe alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele, midomo imekauka. Ottilia alisimama mbele yao, akaivuta khanga. Dhahabu ikang'aa.

"Idi mubaraka, dada," alisema, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara.

Cherehani likasimama. Bi Somoe akamtazama, kisha akalitazama boksi, kisha akamtazama tena kwa huruma, na huruma ile ilimuumiza Ottilia kuliko kofi.

"Mwezi haujaonekana, mdogo wangu. Leo tunatimiza thelathini. Idi ni kesho."

Harufu ya waridi ilikuwa imeshajaa baraza, mbele ya watu wenye njaa ya mwezi mzima. Mmoja akameza mate kwa sauti. Mama Notburga, ambaye hakuwa Mwislamu wala hakuwa na nguo ya kushonwa pale, bali alikuwepo kwa sababu ndiko kulikokuwa na watu, akasema Mama Dastan ameuandamisha mwezi wake mwenyewe, jikoni kwake. Wakacheka. Walicheka vizuri tu, kicheko cha mtaa, lakini Ottilia alihisi kila jino.

Bi Somoe hakucheka. Alinyanyuka, akalipokea boksi kwa mikono miwili, akasema Mungu akuzidishie. Kisha akasema kitu kitamu hivi kikikaa mbele yake mchana kutwa kitamtia majaribuni, acha kikae uvunguni mpaka kesho. Akaingia nacho ndani. Alipotoka akamuuliza Ottilia, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, eti kesho na nyinyi si ndiyo majivu. Ottilia akasema ndiyo, akaaga, akaondoka kupitia kichochoroni.

Njia nzima alibeba neno moja. Uvunguni. La Asteria juu ya kabati, lake yeye uvunguni, pamoja na ndala na panya.

Jumatano mwezi ulikuwa umetimia kwa kila mtu. Ottilia alikwenda misa ya asubuhi, akapakwa majivu kwenye paji la uso, akaambiwa yeye ni mavumbi, jambo ambalo kwa hali yake ya siku ile hakuwa na sababu ya kulibishia. Alirudi akakaa mlangoni na ungo wa maharage ambayo alikuwa ameshayachambua jana. Kutoka pale aliona mlango wa jiko la Bi Somoe wote.

Harufu ya pilau ilipanda saa tatu. Saa nne Bi Somoe mwenyewe alitoka na khanga mpya na bakuli limefunikwa kawa. Ottilia aliweka ungo chini, akajifuta mikono. Bi Somoe akavuka barabara. Akaingia nyumba ya bati jekundu.

Ottilia akauchukua tena ungo.

Baada ya hapo walitoka wengi. Kwa sheikh. Kwa fundi wa baiskeli. Kwa mjane wa nyuma ya stendi. Kwa Mama Notburga, sahani mbili, kwa Mama Notburga ambaye hajawahi kumpelekea mtu hata mchicha. Ottilia alihesabu kila kawa lililopita, na kila kawa lilipita. Saa sita ilipogonga maharage yalikuwa yamegeuzwa mara tano, na ndani ya roho yake kulikuwa kunachemka kitu ambacho Kwaresima haikuwa imekiandalia dawa.

Ndipo Asteria alipokuja. Alikuja na lile lile bakuli, mikononi, limefunikwa, majivu bado usoni. Akapiga goti, shikamoo, marahaba. Akasema kwa sauti ya chini kwamba ameletewa pilau, na pilau lina nyama tele, na leo ni majivu, na Bi Somoe amesema bakuli lake linatakiwa jioni. Sasa, dada, afanye nini, akimrudishia ataona amedharauliwa, akilitupa ni dhambi, na Wendelin yuko Kingerikiti kwenye kahawa. Kwao Kigonsera wote walikuwa Wakristo, jambo hili halijawahi kumtokea. Amekuja kuuliza kwa kuwa wao wana uzoefu, wao wana sahani yao.

Mtu mwenye masikio angesikia kwamba binti wa watu ana shida. Ottilia alisikia kwamba ameletewa pilau, na ameletewa kwanza, na amevuka barabara kuja kumwonyesha.

"Lianike," alimwambia. "Kesho ni Alhamisi, lakini Kwaresima ni siku arobaini. Lianike mpaka Pasaka."

Asteria akatazama chini, akasema asante dada, akaondoka na bakuli lake. Ottilia alimsindikiza kwa macho mpaka mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alihisi ameshiba kitu. Hakikudumu.

Saa tisa alimwita Mansuetus. Mansuetus alikuwa anakwenda kuchukua suruali yake kwa fundi. Ottilia akamwambia akifika, amwambie Bi Somoe anaomba sahani yake.

Mansuetus alisimama. Alikuwa mwanamume mpole, aliyezoea kupima vitu vizito.

"Ile ya maua?"

"Nina ngapi?"

"Mama Dastan, ile haidaiwi."

"Basi leo inadaiwa. Kama nimeachwa, niachwe na chombo changu."

Alikwenda kwa hatua za mtu anayepeleka msiba. Alikaa muda mrefu kuliko suruali inavyohitaji. Aliporudi hakuwa na sahani, na Ottilia alimnusa. Alinuka iliki. Akaapa ni chai tu, ya rangi, na tangawizi, hata kisheti kimoja hakugusa, fundi ni shahidi. Ottilia akamuuliza amejibiwa nini.

"Amesema sahani iko kazini."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo hivyo. Ametazama barabara ya ziwani, akasema mwambie sahani iko kazini, akarudi jikoni."

Ottilia aliingia ndani na kufunga mlango. Sahani iko kazini. Basi inamlisha mtu mwingine. Siku nzima aliona bakuli na sinia, sahani ya maua hakuiona, kwa hiyo imepita mlango wa mbele, imekwenda kwa mkubwa fulani, na itazunguka mtaani kama mbuzi asiye na mwenyewe. Alikaa kitandani, upande ambao boksi lilikuwa limelala, akamlilia jogoo. Alijiambia ni jogoo.

Jua lilikuwa linazama nyuma ya kilima, mchirizi wake tu umebaki chini ya mawingu, mlango ulipogongwa. Alikuwa Bi Somoe, peke yake, unga kwenye viwiko, khanga mpya ya Idi imeloa moshi. Mikononi alibeba sahani ya maua ya bluu, na juu yake kawa.

Hakusubiri kukaribishwa. Aliiweka mezani, akakaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu kama mtu aliyetoka shamba.

"Mumeo amenipa salamu zako," alisema. "Nimezikataa. Nimeona hazikuwa zako."

Bi Somoe akamwambia afunue, kabla hakijapoa.

Chini ya kawa hakukuwa na pilau. Kulikuwa na wali mweupe, na juu ya wali samaki mzima, mbasa wa Ziwa Nyasa, amebanikwa kwanza na kuungwa kwa karanga na nyanya, kichwa kinatazama ukutani na mkia umevuka ukingo wa sahani. Visheti vilikuwa pembeni, mahali pake.

Bi Somoe alisimulia kwa kifupi, maana alikuwa amechoka. Tangu wiki iliyopita alipotazama tarehe aliona Idi inaweza kuangukia majivu. Akajua Ottilia hatagusa nyama, na kumpelekea mtu pilau la kutazama ni kumtesa. Akaagiza samaki kwa dereva wa Mbamba Bay. Samaki walikuwa wafike jana. Lori likakwama matope huko Kingerikiti, likalala, samaki wakafika leo saa kumi, na yeye alikuwa na sahani imeshaoshwa inasubiri tangu alfajiri, haruhusu mtu kuigusa. Na hata wangefika asubuhi, asingeleta asubuhi. Mlo wenu si mmoja, alisema, na si unaula jioni? Miaka kumi na miwili najua unafungua saa ngapi.

Ottilia alitazama sahani. Kulikuwa na mambo kadhaa ambayo mtu mwema angesema hapo. Yeye aliuliza kama Asteria naye amepelekewa samaki.

"Asteria nilimpelekea pilau," Bi Somoe alisema, akashika paji la uso. "Mama yangu. Naye ni wa majivu. Sikumkumbuka."

Sikumkumbuka. Ottilia alilipokea neno hilo na kulihifadhi, na ukweli ni kwamba lilikuwa tamu kuliko tende.

Bi Somoe aliponyanyuka alisema boksi la dhahabu limefunguliwa asubuhi, watoto wameligombania. Tabaka la juu tende na halua, chini yake karatasi mpaka kwenye sakafu ya boksi. La Asteria vivyo hivyo. Hyasinti amewauzia karatasi wote wawili, mmoja mmoja. Kisha akauliza, kwa kuwa boksi lenyewe ni imara, kama Ottilia hatakasirika fundi akiliwekea zipu na ndoana, maana lile la waridi pale juu ya kabati limejaa vifungo, halipokei tena.

Ottilia akasema hatakasirika.

Alipobaki na Mansuetus walikula. Samaki alikuwa mnene, wa watu wanne, na karanga zilikuwa zimetwangwa na mtu asiye na haraka. Katikati ya kula Ottilia aliinua macho, na kupitia mlangoni akaiona nyumba ya bati jekundu. Taa ilikuwa inawaka jikoni. Asteria alikuwa amekaa peke yake mbele ya sufuria, anakula kitu bila kukitazama, na bakuli la pilau lilikuwa dirishani, limefunikwa vile vile lilivyokuja. Lianike. Ottilia alitafuna polepole. Mansuetus akamuuliza kama amekwamwa na mwiba.

Alinyanyuka, akachukua bakuli la plastiki, la kijani, lililopasuka mdomo, akapakua wali. Akakata samaki. Alisimama kidogo na kisu mkononi. Kisha akampelekea mkia. Kichwa hakigawiwi mtu wa juzi.

Asteria alilipokea bakuli kwa mikono miwili, akapiga goti mpaka likagusa chini. Hakusema neno juu ya pilau wala juu ya Pasaka.

Kesho yake asubuhi, kabla ndoo ya vitumbua haijatoka, bakuli la kijani lilikuwa kizingitini kwa Ottilia. Limeoshwa likang'aa, hata ule mpasuko umesuguliwa. Ndani yake mlikuwa na mayai matatu ya kuku wa kienyeji, yamelazwa juu ya majani ya mgomba.

Ottilia aliyatazama muda mrefu. Mkia mmoja, mayai matatu. Binti yule alikuwa amesikia habari za sahani, na alikuwa ameelewa. Akaliinua bakuli, bakuli lisilo na ua hata moja, akalipeleka rafuni, akaliweka chini ya sahani ya maua, siyo kando yake. Halafu akaanza kufikiri, kwa hasira, atalirudisha na nini.